Sura ya Tatu

Niliandika thelathini.
Ukurasa wa arobaini na moja wa pendekezo langu:
wanawake thelathini wenye mitumbwi ya dagaa, mwalo wa Igombe.
Jopo likaitikia kwa vichwa, mhuri ukagongwa.

Ziwa halikuwa limesoma pendekezo langu.

Nimewakuta saba.
Mmoja keshauza injini, kahamia Kome kwa mwanawe.
Mmoja alinisikiliza hadi mwisho, kwa adabu zote,
kisha akanong'ona: "Mume wangu hajui
kwamba ule mtumbwi ni wangu,"
akanisindikiza hadi barabarani.
Mwingine alikataa kinasa sauti,
halafu akanikataa na mimi.

Wanne.

Dokta Bugingo alinipigia simu kutoka Nyegezi:
"Wanne si sampuli. Wanne ni meza ya chai.
Ongeza dodoso. Namba zina heshima yake."
Basi nikachapisha dodoso, maswali arobaini,
kuanzia *sikubaliani kabisa* hadi *nakubaliana kabisa*,
nikampelekea Mshiriki wa Pili.
Alilipima uzito kiganjani, kama kitu cha kununua.
"Kati ya kukubali na kukataa, mimi nikae wapi?
Usiku ule karabai zilipozimika zote
nilikubali, na nikakataa."
Sikuwa na kisanduku cha usiku ule.

Jumamosi moja, Mwaloni Kirumba,
nilimwona mnunuzi akizamisha mkono kwenye gunia la dagaa
mpaka begani, shavu limegusa katani,
macho kayafumba.
Hakuuliza yako magunia mangapi.
Alikuwa anatafuta mchanga.
Akaibuka na dagaa wa chini kabisa, akamng'ata, akatema,
akasema bei.
Nyuma ya risiti ya maji nikaandika neno moja: *kina*.
Usiku huo nikalifuta dodoso, nikalala kama mtu aliyelipa deni.

Nilimsimulia Mshiriki wa Pili, nikijiona mjanja.
Alicheka hadi akashika ubavu.
"Gunia halina aibu, mwanangu.
Tena gunia halikuulizi utarudi lini."

Nikarudi.
Nikarudi kila mbalamwezi,
maana mbalamwezi dagaa hawafuati taa,
mitumbwi hulala mchangani
na mwenye mtumbwi hupata nafasi ya kukumbuka.
Mwezi wa kwanza, injini ilinunuliwa kwa pesa za upatu.
Mwezi wa tatu, injini ile ile
ilinunuliwa kwa ng'ombe wa mahari ya binti.
Mwezi wa tano hakuitaja injini.
Alimtaja binti.

Sasa wasomi watauliza ipi ndiyo data.
Nimejaza kurasa sita kuwajibu, na marejeo,
*masimulizi ya maisha*, *mahojiano ya kurudiarudia*,
nikikumbuka alivyokuwa akikunja kitenge magotini
kila alipokaribia jina la yule mtoto.
Kukunja kitenge sikupata pa kukuweka.

Limebaki jambo la majina.
Fomu ya maadili inasema: ficheni utambulisho.
Katika watu elfu moja jina la kubuni ni blanketi.
Katika wanne ni leso.
Nikiandika *mjane, mtumbwi wa bluu, kidole kimepungua*,
Igombe nzima, hadi watoto wanaoanika dagaa,
watamnyooshea mkono.
Kwa hiyo nimekifuta kidole. Nimeupaka mtumbwi kijani.
Dokta Bugingo amesoma, amesema sura sasa inasimama.

Jana nilimsomea mwenyewe, neno kwa neno.
Alisikiliza akiparua magamba ya sato.
Kisha: "Huyo wa mtumbwi wa kijani ni nani?"
Nikaeleza fomu. Nikaeleza usiri, na kulindwa.
"Miaka ishirini na miwili mtumbwi umeandikwa jina la shemeji,"
akasema, kisu hakikusimama.
"Na wewe tena?"

Kwenye sura ya tatu bado ni Mshiriki wa Pili.
Pambizoni, kwa penseli, nimeliandika jina lake.
Kifutio ninacho.
Tarehe ya kuwasilisha ni Ijumaa.